Bi Futi, Mchora Mistari ya Kuazimana

Mchungaji wetu, shemeji yangu, wanangu wawili wa dada, jamaa, majirani, mafundi wenzangu, pamoja na ninyi kumi na mmoja mliosimama kule nje ya uzio na ambao nawaona vizuri kutoka hapa, nawasalimu wote kwa jina la Mungu aliyetupa dada huyu kwa miaka sitini na mmoja. Historia hii ilikuwa isomwe na binti yake, maana yeye ndiye msomi na mimi niliishia elimu ya msingi, lakini juzi nilimwomba aniachie, akasema, "Sawa mjomba, ila usome yote," nami nimeahidi kusoma yote, hivyo nikikwama mnivumilie.

Dada yetu, ambaye nusu ya mji huu mlimwita Bi Futi na nusu nyingine hamkujua kama ana jina jingine, alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 9 Agosti 1963, katika zahanati ya kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mwendesha mashine ya kusokota nyuzi, na mama yetu, aliyekuwa akishona sare za wafanyakazi kwa cherehani ya kukanyaga. Kati yake na mimi walizaliwa wawili ambao Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, mimi nikafuata mwaka 1971, tukakua wawili tu katika chumba namba 31 cha nyumba za kiwanda, chumba kimoja chenye pazia katikati na dirisha lililotazama mabanda, ambapo kila saa nane mchana king'ora cha zamu kikilia vikombe vilitikisika kabatini. Mama alishinda kwenye cherehani, kwa hiyo aliyenifundisha kutembea ni dada, aliyenifundisha kusali ni dada, na aliyenichapa nilipoiba sukari, akanichapa tena niliposema ameiba paka, ni dada huyo huyo.

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda kuanzia Januari 1971 hadi Novemba 1977, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1981, na mwezi Julai 1982 akajiunga na chuo cha upimaji na uchoraji wa ramani, katika darasa la wanafunzi thelathini na wanane ambamo wasichana walikuwa watatu, akahitimu Juni 1984. Likizo yake ya kwanza alirudi na futi ya chuma mkobani, akapima chumba chetu chote asubuhi moja, akagundua kwamba upande wa wazazi umetuzidi sisi watoto kwa hatua nzima, akalisogeza pazia bila kuomba ruhusa, na baba aliporudi kutoka zamu akasimama mlangoni akasema, "Mama watoto, tumeletewa serikali ndani ya nyumba," akacheka mpaka akakaa chini, na pazia likabaki pale pale lilipowekwa.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1985 kama mchora ramani katika ofisi ya mipango miji, kwenye chumba cha nyuma chenye meza ndefu iliyoinama na taa moja, akasoma masomo ya jioni ya mipango kuanzia 1996 hadi 1998, na mwaka 2004 akahamishiwa ofisi ya maendeleo ya uchumi ya mkoa, alikokaa hadi alipostaafu tarehe 9 Agosti 2023.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 17 Desemba 1988 na shemeji yangu huyu hapa, mpiga chapa, mtu wa maneno machache ambaye siku ya harusi alisimama akasema, "Mimi nimepimwa kwanza, nikaonekana nafaa," akaketi, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya watu. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1990, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1994, ambaye ni mwalimu, na ameacha wajukuu watatu. Hakuwa malaika na sitamfanya malaika kwa sababu amelala hapa, alikuwa mbishi, alikuwa akiunguza chakula huku anasoma, alifika kwenye sherehe za watu akaanza kusogeza viti kwamba njia ni nyembamba, na kuna miezi aliyofanya kazi hadi Jumapili mpaka mchungaji akamfuata ofisini kumuuliza kama Mungu naye aombe miadi.

Sasa nafika kwenye kazi aliyoifanya kuliko zote, na ndipo penye deni langu, wala si deni la fedha.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 1992, baba akarudi nyumbani na bahasha na akafariki miaka mitatu baadaye akiwa bado anaamka saa za zamu, na yale mabanda tukayaingia sisi mafundi, wachomeleaji, wakerezaji, mafundi wa viti, wa friji na wa redio, mimi nikapata banda katika safu ya nne mwaka 1994. Ilipofika mwaka 2011 mkoa ukaamua kujenga Mtaa wa Ubunifu mahali pale pale, yaani vijana wa vyuo wapate vyumba vya kubunia vitu, maabara iwepo, wenye mitaji waje waone, ili mji uliokuwa umekufa pamoja na kiwanda upate kupumua tena. Wataalamu walikuja na picha nzuri zenye miti na vioo, na katika picha zile hakukuwa na fundi hata mmoja, tulikuwa tumefutwa kama vumbi la dirishani, na mtu aliyesimama katika kikao cha bodi akakataa alikuwa Bi Futi. Niliambiwa alisema hivi, kwamba kijana akibuni kitu kwenye kompyuta halafu ikamlazimu kupanda gari kwenda kutafuta mtu wa kumkatia chuma, ubunifu huo utafia njiani, na kwamba kabla ya kuvunja banda lolote wampe wiki sita ajue mabanda haya yanaishije.

Wakampa, mwaka 2013. Akachukua kigoda, akawa anakaa siku nzima kwenye mlango wa kila karakana, haulizi una mashine ngapi wala unapata kiasi gani, anauliza jambo moja tu, "Jana umeazima nini, na kwa nani?" Mtu akisema nimeazima drili kwa jirani wa safu ya pili, anavuta mstari mwekundu kwenye ramani kutoka mlango hadi mlango, na baada ya wiki chache ramani ile ikawa nyekundu kama wavu, kwa sababu ukweli ni kwamba pale hakuna fundi aliyekuwa na vifaa vyote, huyu ana jiliwa la kubania chuma, yule ana mashine ya kukereza, mwingine ana jicho zuri tu la kupima. Bodi ikaelewa ilichokuwa haijakielewa, ikaamua kwamba karakana zenye mistari zibaki, kwa kuwa ukizitoa unakata mishipa, na zisizo na mistari, zinazojitegemea, zihamishiwe eneo jipya lenye mapaa mazuri, kilomita tisa kutoka pale, nyuma ya machimbo ya kokoto, maana zinaweza kuishi popote.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa safu ya nne, karakana kumi na mbili. Kabla dada hajafika kwetu ulizuka uvumi kwamba anayeazima ataandikwa hajiwezi na ataondolewa, nami badala ya kwenda kumuuliza dada yangu wa tumbo moja, nikawaita wenzangu kumi na mmoja nyuma ya banda, nikawaambia, "Akiuliza, semeni hatuazimi, kila mtu ana vyake," nao wakaniamini, kwa sababu walisema mwenyekiti ndiye nduguye, anajua. Lakini uvumi haukuwa sababu yote, nami niko mbele ya jeneza, sitaficha. Mafundi mnamfahamu Mzee Spana wa safu ya tatu, amekaa mstari wa pili pale, mtu niliyekuwa nikimdharau mbele ya wateja kwamba kazi zake zinapasuka, na kumbe kila wiki nilikuwa naifuata mashine yake ya kukunja mabati kwa mlango wa nyuma, naisukuma imefunikwa turubai, naitumia, naitangaza kuwa yangu, naye hakuwahi kuniumbua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, mimi nilificha wangu na wa wenzangu kumi na mmoja.

Dada alifika mlangoni kwangu Jumanne tarehe 22 Oktoba 2013, akaweka kigoda, tukashinda wote, akanywa chai yangu, akanicheka kwamba bado nashika kikombe kama mtoto, na mwisho akauliza swali lake. Nikasema siazimi. Akatazama nyuma yangu, turubai lilikuwa limeteleza, rangi ya kijani ya mashine ya Mzee Spana inaonekana, akauliza, "Na hiyo ya kijani?" nikasema, "Yangu." Akasema, "Mdogo wangu, nauliza mara ya pili," nami nikasema kwa sauti ili majirani wasikie, "Dada, mimi si ombaomba, andika." Akaandika.

Mtauliza, alijua, kwa nini aliandika? Nami nilimuuliza wakati wa ugonjwa wake, na jibu lake nalikumbuka neno kwa neno, "Naandika nilichojibiwa, nikianza kuandika ninachokijua mimi, kesho mwingine ataandika anachokitaka yeye." Lakini hakuniacha hivyo hivyo, alikuja nyumbani kwangu mara tatu kabla ya tarehe 30 Juni 2014, siku ya mwisho ya masahihisho, akiwa na karatasi ya mimi kutia sahihi kwamba safu ya nne ilijibu vibaya, mara ya kwanza nikamwambia nitafikiria, mara ya pili nikajifanya sipo huku viatu vyangu viko mlangoni anaviona, na mara ya tatu nikamfungia, akaipitisha karatasi chini ya mlango, nami nikaiokota nikafutia mikono yangu grisi, wala sikuwaambia wenzangu kwamba iliwahi kuletwa, wala kwamba jibu letu ndilo litakalotuhamisha.

Tulihamishwa Jumamosi tarehe 28 Februari 2015, sote kumi na wawili, na kule nyuma ya machimbo tukagundua tulichokuwa tumekikana, kwamba fundi asiye na jirani wa kumwazima ni mtu aliyekaa na nyundo moja. Karakana nne zikafungwa mwaka huo huo, mmoja wenu mtengeneza viti akawa mlinzi wa usiku, mwingine akauza hadi mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe. Mkaenda kwenye geti la ofisi ya dada, mkamzomea, mkasema kikulacho ki nguoni mwako, mkasema amemtosa ndugu yake wa damu ili apate cheo, na mimi nilikuwa katikati yenu, mkanigeukia mnihurumie, nami nikasema, "Mnaona wenyewe." Alipita na mafaili kifuani, akanitazama, akasema, "Habari za asubuhi," akaingia kazini. Angeweza kusimama pale akasema neno moja tu, mdogo wangu ndiye aliyewadanganyeni, na mawe yote yangenigeukia mimi. Hakulisema siku ile, hakulisema miaka iliyofuata, shemeji amelijua kwangu juzi, na ninyi kumi na mmoja mnalijua leo.

Kwa hiyo naomba isikike vizuri hadi nje ya uzio. Bi Futi hakuwatoa. Aliyewatoa ni mimi.

Baada ya hapo sikuongea na dada yangu kwa miaka tisa, sikwenda kwenye harusi ya binti yake, nikipita barabara ile nageuza uso nisiuone Mtaa wa Ubunifu, na watu walidhani ni hasira, haikuwa hasira, ilikuwa aibu. Nimekwenda kuuona kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Kuna dada mmoja mhandisi anayetengeneza viti vya magurudumu vya watoto, anachora ghorofani, kisha anashuka ngazi, anatembea hatua thelathini hadi kwa Mzee Spana kukunjiwa mabomba, wanabishana, anarudi juu kufuta na kuchora upya, na kabla ya saa sita kiti kimesimama, mtoto amekaa, mama yake analia. Pale ilipokuwa safu ya nne sasa kuna maabara, jengo la matofali, halirudi tena kuwa mabanda, wala siwezi kuwaahidi kitu ambacho hakipo.

Kuhusu ugonjwa wake, dada alianza kusikia maumivu ya tumbo mwezi Juni 2024, akayaficha hadi Agosti, maana katika familia yetu kuficha si tabia yangu peke yangu, na vipimo vya tarehe 4 Septemba vikaonyesha saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Binti yake alinipigia simu akasema, "Mjomba, mama amekataza nisikuite, ndiyo maana nakuita," nikafika wodini Jumapili tarehe 3 Novemba, nikamkuta kwenye kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo kuliko mimi, yule aliyenibeba mgongoni. Nilimweleza yote nikilia, akaniacha nimalize, akasema, "Ile rangi ya kijani niliiona siku ile ile, mimi nimeshakusamehe, lakini aliyehamishwa si mimi, nenda kawaambie wenzako."

Nikaahidi. Na kuanzia hapo kila nilipokwenda, kabla hata ya kunijulia hali, aliniuliza, "Umewaambia?" nami nikawa na sababu, leo mvua imenyesha, leo fulani amesafiri, wiki ijayo dada, wiki ijayo, na wiki ijayo ikafika ikapita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu bila kujidharau. Jumanne tarehe 11 Machi 2025 sauti yake ilikuwa karibu imekwisha, niliinama sikio likagusa midomo yake, akauliza lile lile, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Nimewaambia." Akafungua macho, akauliza, "Wakasemaje?" nikasema, "Wanakusalimu." Uso wake ukalegea, nilikuwa sijauona hivyo tangu tukiwa watoto, akasema, "Nao wasalimie," akalala. Hakuongea tena na mimi, na Alhamisi tarehe 13 Machi, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono na mumewe akiwa amemshika miguu iliyokuwa ikipoa, akafariki.

Nilimdanganya dada yangu mlangoni kwangu, nikamdanganya tena akiwa anakufa, na uongo wa pili ndio uliomfurahisha, sijui nifanye nini na jambo hilo, nimelipeleka kwa Mungu kila siku tangu Alhamisi na bado ninalo. Ninachoweza ni kimoja, kuzifikisha zile salamu, ninyi kumi na mmoja, dada yangu amewasalimu, zilikuwa salamu za kweli ingawa zenu nilizitunga mimi, na zimewafikia zimechelewa kwa sababu ya mbebaji. Nawaomba radhi, kila mmoja, na kesho nitafika kule nyuma ya machimbo, mlango kwa mlango, kila mtu aniambie analotaka kuniambia, hata ikiwa ni kwa kofi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliomgeuza kitandani kwa upole kama wanamgeuza mama yao, tunawashukuru majirani waliopika, waliofua mashuka na waliokaa na shemeji bila kumlazimisha aongee, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mkoa na bodi ya mradi, mchungaji na kanisa zima, vijana wa Mtaa wa Ubunifu waliofunga vyumba vyao leo, na Mzee Spana, aliyekaa na mimi siku nne hizi akinipa maji ninywe na hajataja mashine hata mara moja.

Jeneza litabebwa na watu sita, na nafasi ya mbele kushoto nilipangiwa mimi kama ndugu yake, lakini nafasi hiyo naiacha wazi, asije mtu wa familia kuichukua, namwomba mmoja wenu kumi na mmoja avuke uzio aje aishike, na kama hayupo atakayekuja, basi wataondoka watano na mimi nitatembea nyuma.

Pumzika kwa amani, dada, wewe umemaliza sehemu yako, iliyobaki ni yetu.